Sura ya Nne: Kengele ya Chumbani kwa Mzee Kiilu

Kengele ilikuwa nzima, na hilo ndilo lililomkera Inspekta Kaveke kuliko yote.

Alikuwa amesimama juu ya stuli katika chumba cha kulala cha marehemu Mzee Kiilu, pembezoni mwa mji wa Emali, kichwa kikikaribia kugusa dari iliyogeuka nyeusi. Alibonyeza kitufe cha kujaribia. Kengele ya moshi ikapiga kelele za kutoboa masikio, kuku wakatawanyika uani, na Sajini Mutisya, aliyepewa kazi moja tu ya kushika stuli, akaiachilia ili azibe masikio. Kaveke nusura aanguke kitandani kwa marehemu.

"Mutisya! Shika stuli, si masikio!"

"Pole, madam. Lakini si umesikia? Hiyo kitu inalia. Betri iko sawa. Sasa juzi ilikuwa imelala?"

Juzi, baada ya chakula cha mchana, Mzee Kiilu alijilaza na hakuamka tena. Katika kona ya chumba hichohicho alikuwa akilea vifaranga ndani ya boksi, chini ya balbu ya kuwapa joto. Balbu ilianguka ndani ya maranda ya mbao. Maranda hayana haraka ya kuwaka. Yalifuka kwanza, polepole, yakajaza chumba moshi mzito. Moto wenyewe ulikuja mwishoni, ukala kona ile na pazia moja kabla majirani hawajauzima kwa ndoo. Mzee alikuwa ameshakufa. Daktari alisema ni moshi uliomuua, wala hakuwa na alama nyingine mwilini.

Na juu ya kitanda chake, katikati ya dari, mahali panapofaa kabisa, palikuwa na kengele yenye betri nzima ambayo haikusema neno.

Kaveke alikuwa ameikuta imefunikwa. Ilikuwa plastiki nyembamba ya rangi ya chungwa, iliyolegezwa na joto ikaigandamia kengele kama donge la chapati lililosahaulika. Aliipiga picha, akaibandua taratibu kwa kisu, akaitia kwenye mfuko wa ushahidi. Upande wa nje plastiki ilikuwa na masizi. Upande wa ndani ilikuwa safi, na kengele yenyewe chini yake ilikuwa nyeupe kana kwamba imetoka dukani asubuhi hiyo.

"Moshi haukuingia humu hata kidogo," alisema akishuka. "Plastiki ilikuwa hapa kabla ya moto."

"Basi mtu aliifunga mdomo," Mutisya alisema. "Na kwa hii boma, mtu anajua hizi vitu ni mmoja tu. Kikulacho ki nguoni mwako, madam."

Mmoja huyo alikuwa Ciku, mke wa Mwau, mwana wa pekee wa marehemu. Mwau alifanya kazi Kitui na kuja nyumbani mwisho wa juma; sasa alikuwa akihangaikia mochari na kaburi. Ciku aliishi hapa na wakwe zake. Ndiye aliyenunua kengele tatu kwenye hadweya ya kaka yake, Irungu, duka la vifaa vya ujenzi, baada ya kibanda cha jirani kuungua. Sasa alikuwa selo kituoni, na mkuu wa kituo alishasema: kesho asubuhi anapelekwa kortini kwa mauaji, au Kaveke alete sababu ya kumwachilia. Mjini watu walikuwa wameshamaliza kesi. Ati Irungu aliitaka ploti ya Mzee iliyo kando ya barabara, Mzee akakataa, na dada mtu akamsaidia kaka.

"Lisemwalo lipo," Mutisya alisema.

"Na lisilosemwa?"

Mutisya akaenda kumwita shahidi.

Shahidi alikuwa Musyimi, mziba magurudumu, ambaye kibanda chake kilipakana na ua wa nyuma. Alikuwa mtu mnene mwenye mikono myeusi kwa mpira, na alisimama mlangoni mwa chumba bila kutaka kuingia.

"Nilisikia kengele inalia," alisema. "Halafu Ciku anaita, Baba! Baba! Nikaruka ua."

"Ulisikia kengele gani?"

"Madam, kengele ni kengele."

"Ziko tatu. Jikoni, koridoni na hapa."

"Mimi nasikia kengele, naruka. Siwezi kuuliza kwanza ni gani."

Kaveke alikubali moyoni kwamba mtu ana haki hiyo. Akachukua stuli mpaka koridoni, akaifungua kengele ya pale. Ilikuwa nyeusi ndani na nje, masizi yamejaa katika matundu yake yote. Hii ndiyo iliyolia. Ya jikoni haikuwa na alama yoyote, maana jikoni hapakufika hata joto.

"Ulimkuta Ciku wapi?"

Musyimi alionyesha kwa kidevu. "Hapo hapo kwa mlango. Mkono kwa kitasa. Amesimama tu, na moshi inatokea huko juu ya fremu. Nilimsukuma kando nikapiga mlango bega."

"Ulikuwa umefungwa kwa ufunguo?"

"Hapana. Ulikuwa mgumu tu."

Kaveke akarudi chumbani akatazama nyuma ya mlango. Palikuwa na gunia lililokunjwa, limesukumwa ukutani, limejaa manyoya laini ya vifaranga. Alilirudisha chini ya mlango, akaufunga akiwa ndani, akamwambia Mutisya asukume. Mutisya, mwanamume aliyeshiba, alisukuma mara ya kwanza bila mafanikio. Mzee alikuwa ameziba upenyo ili vifaranga wasipigwe na baridi. Ndiyo sababu moshi ulikaa ndani muda wote huo, na kengele ya koridoni ikapata harufu yake wakati mambo yameshaharibika.

Hilo lilieleweka. Lililobaki halikueleweka.

"Mutisya, mtu anayetaka mzee afe kwa moshi, ananunua kengele tatu?"

"Ndio asishukiwe."

"Halafu anaita mpaka majirani wanasikia?"

"Ndio asishukiwe, madam."

"Na asipoita?"

"Basi si ni yeye!"

"Kwa hivyo kwako wewe hakuna njia ambayo huyu mwanamke anaweza kukosa hatia."

Mutisya alifikiri. "Ngumu kidogo," akakubali.

*

Ciku aliketi upande wa pili wa meza, leso begani, miguu pekupeku kwa kuwa viatu huachwa kaunta. Hakuwa analia. Kaveke alianza na rahisi, kama alivyozoea.

"Kwa nini jikoni uliweka kengele ya joto na si ya moshi?"

"Jikoni kuna moshi kila siku," Ciku alisema upesi. "Mwaitu akikaanga kitunguu tu, ya moshi italia. Mtu akichoshwa na kelele anatoa betri, na akitoa betri hairudishi. Ya joto inangoja mpaka joto lipande vile halifai. Ndio nikaweka hiyo."

Alimwita mama mkwe wake Mwaitu, yaani mama, kama mzaliwa wa Ukambani, ingawa wazazi wake walikuja Emali kutoka Murang'a kufungua duka.

"Na ya koridoni?"

"Katikati ya silingi huko juu. Si kwa kona. Kwa kona hewa imelala, moshi unaweza kupita na isijue. Na si karibu na dirisha, upepo utaupeleka kando."

"Nani alikufundisha?"

"Irungu. Na karatasi ya kwa boksi."

"Na ya chumbani kwa wazee?"

Ciku alitazama meza. Mwanamke aliyekuwa akijibu kabla swali halijatua sasa alitafuta maneno.

"Baba aliiweka mwenyewe."

"Wewe ulikuwa wapi?"

"Koridoni. Nilikuwa namwambia vile ataizungusha mpaka ishike. Nilikuwa nimeangalia ukuta."

"Ukuta? Unamwelekeza mtu afunge kitu kwenye dari, na wewe unaangalia ukuta?"

"Ni chumba cha baba mkwe," Ciku alisema. "Siwezi kuingia. Siwezi kuangalia. Ni nthoni."

Kaveke aliweka kalamu chini. Hilo alilijua tangu utoto wake kule Mutomo: mke wa mwana na baba mkwe huheshimiana kwa umbali, hawapeani mkono ovyo, na kitanda cha mzee hakionwi na macho ya mkaza mwana. Mama yake mwenyewe aliishi hivyo. Lakini huyu alikuwa msichana wa hadweya mwenye simu ya kioo.

"Wewe si Mkamba."

"Hata kwetu iko. Na hata isingekuwa, nimeolewa hapa."

"Juzi ulisimama mlangoni mkono kwenye kitasa. Ilikuwa nthoni pia?"

Ciku alifumba macho. "Nilingoja kidogo. Niliita kwanza. Nilidhani ataamka atoke mwenyewe. Halafu nikasukuma, mlango ukakataa. Nilisukuma, Inspekta. Lakini nilingoja kwanza, na sitasema sikungoja."

Kaveke alijikuta anamhurumia, akakasirika kwa kujikuta hivyo, akatoa mfuko wa ushahidi na kuuweka mezani. Plastiki ya chungwa ililala ndani yake, imekunjamana.

"Hii unaijua?"

Uso wa Ciku ulibadilika, kisha ukafungwa. "Siijui."

Inspekta Kaveke amesikiliza waongo wengi, wengine wakiwa na vyeo, na huyu hakuwa na kipaji. Alimuuliza tena kwa upole, akamuuliza tena kwa ukali. Alimkumbusha kwamba kesho ni korti, kwamba shtaka ni mauaji, kwamba mtu asiye na hatia husema. Ciku alibaki na neno lake moja, na alipoulizwa anamficha nani, alianza kulia na hakusema chochote tena.

"Anamficha kaka yake," Mutisya alisema nje, ameridhika kabisa.

Huenda. Kaveke hakuwa na lingine la kuweka mahali pake.

*

Hadweya ya Irungu ilitazama barabara ya Mombasa, na malori yaliyopita yalipuliza vumbi mpaka ndani kwenye mabati. Irungu alikuwa mwanamume wa makamo mwenye miwani ya kusomea iliyoning'inia shingoni. Alipowaona askari alisimama, akaketi, akasimama tena.

"Kengele za moshi unauza?"

"Hapana. Niliacha."

Rafu nyuma yake ilikuwa na balbu, soketi, nyaya, na katikati pengo jeupe lisilo na vumbi, mahali ambapo kitu kilikuwa kimekaa mpaka majuzi. Kaveke alilitazama. Irungu naye alilitazama, kwa masikitiko ya mtu aliyesahau kufuta.

"Ulizihamishia wapi?"

"Madam, ninaapa mbele ya Mungu—"

"Mungu anajua. Mimi ndiye sijui. Ziko wapi?"

Zilikuwa nyuma, chini ya mifuko mitupu ya saruji. Maboksi mazima, na Irungu akayatoa moja moja huku jasho likimtiririka. Mutisya alikuwa ameshashika pingu.

"Watu wanasema niliuza feki," Irungu alisema. "Ati kengele zangu ziliua mzee. Jana mtu alitupa jiwe kwa mabati. Nikasema wacha nifiche. Lakini si feki, madam. Jaribu yoyote. Dada yangu angewekea wakwe zake feki?"

Kaveke alichukua boksi, akakata gundi, akaitoa kengele.

Kengele mpya ilikuwa imevaa kofia. Plastiki nyembamba ya rangi ya chungwa, iliyokaa sawasawa juu ya matundu yake yote.

"Hii ni nini?"

"Kifuniko. Inakuja nayo kutoka kiwandani. Ni ya kuzuia vumbi wakati fundi bado anapaka rangi, anakata mbao. Ukimaliza unaitoa unatupa."

"Na usipoitoa?"

"Sasa moshi itaingia wapi?"

Kaveke alikaa juu ya ndoo ya rangi. Hakuna mtu aliyetafuta plastiki mahali ili ainyamazishe kengele. Plastiki ilizaliwa nayo. Mambo yote yalikuwa yamegeuka, na hata hivyo alipoyaangalia yalikuwa palepale. Kengele ya koridoni haikuwa na kofia. Ya jikoni haikuwa nayo. Ciku alijua vizuri kabisa kwamba hutolewa, na alizitoa mbili. Kwa nini si ya tatu?

"Basi ndiyo hiyo," Mutisya alinong'ona. "Alimwachia mzee kofia kusudi. Hakumwambia."

"Na ikiwa alimwambia?"

"Shahidi wa hilo ni nani? Mzee? Amekufa."

Alikuwa sahihi, na Kaveke alimchukia kidogo kwa kuwa sahihi. Mila aliijua, lakini mila haipandi kizimbani kuapa. Hakimu atauliza nani aligusa kengele ile, na mpaka sasa waliojulikana kuigusa ni wawili: mmoja yuko mochari, mwingine yuko selo. Kaveke aliweka sahihi kuchukua ile kengele mpya, akatoka nayo chini ya kwapa.

Wakiwa garini aliuliza, zaidi akijiuliza mwenyewe: "Mutisya, chumba kile kinalaliwa na nani?"

"Mzee Kiilu."

"Peke yake?"

Mutisya akawasha gari, akaligeuza kurudi nyumbani kwa marehemu.

*

Sebuleni kwa marehemu, akina mama wa kanisa walikuwa wanaimba tenzi kwa sauti ya chini. Syokau, mjane, aliketi katikati yao, mwembamba, kitambaa cheusi kichwani. Siku ya moto alikuwa kwenye ushirika wa wanawake kanisani. Alimwona Kaveke akasema kabla ya salamu:

"Umemfunga Ciku?"

"Bado niko kazini, mwaitu. Naomba tuongee."

Wale akina mama walitoka uani. Kaveke aliketi kwenye sofa, na sofa ikalia chini yake, kwaru kwaru, kwa kuwa ilikuwa bado imevaa nailoni iliyotoka nayo dukani. Alitazama huku na huku. Rimoti ya televisheni ilikuwa ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa raba. Saa ya ukutani ilikuwa na karatasi laini juu ya kioo chake. Hata viti vya mezani vilikuwa na nailoni miguuni. Kwao Mutomo vilevile, kitu kipya kilitunzwa kikiwa kipya. Baba yake alinunua redio na kuisikiliza kwa miaka ikiwa ndani ya nailoni yake.

Aliitoa kengele mpya kwenye boksi na kuiweka mezani, kofia yake ya chungwa ikiwa juu.

"Mwaitu, hii unaijua?"

"Si ni ile ya kwa silingi."

"Na hii ya juu? Hii ya chungwa?"

"Kofia yake," Syokau alisema bila kusita. "Ya kuzuia vumbi. Nyumba hii, malori yakipita, vumbi inaingia mpaka kwa sufuria. Mzee aliiweka kule juu akaitoa kofia, akaitupa kwa kitanda. Mwanamume! Kitu mpya kabisa, ametoa kifuniko siku ya kwanza. Nikangoja atoke, nikapanda stuli nikairudisha. Alipoiona alicheka tu, akasema basi, wacha ikae."

Mutisya, karibu na mlango, alivua kofia yake mwenyewe.

"Una hakika ni wewe uliyeirudisha?"

"Ni nani mwingine anapanda kwa kitanda yangu?" Kisha macho yake yakatoka kwa Kaveke yakaenda kwa Mutisya, yakarudi. "Kwa nini mnaniangalia hivyo?"

Kaveke angeweza kusema asante, aandike, aondoke. Mashtaka yalikuwa yameshaanguka. Lakini Syokau alikuwa ameinuka nusu, ameshika meza.

"Inspekta. Hiyo kofia iko na nini?"

"Keti kwanza, mwaitu."

"Niambie."

"Inazuia vumbi," Kaveke alisema polepole. "Inazuia na moshi."

Syokau alimtazama kama mtu aliyeambiwa kitu kwa lugha ya mbali. "Moshi haizuiliki na kitu ndogo hivi."

"Inazuilika."

"Nionyeshe."

"Mwaitu, si lazima."

"Nimesema nionyeshe!"

Kwa hiyo Kaveke alifanya jambo ambalo hakutaka kulifanya. Aliomba sufuria kuukuu, akawasha ndani yake kipande cha gunia mpaka kikafuka, akaishika kengele juu ya moshi. Moshi uliizunguka, ukaifunika, ukampanda Kaveke mkononi na machoni. Kengele ilinyamaza. Nje akina mama walikuwa wameanza ubeti mwingine, na walifika mwisho wake, na kengele bado ilinyamaza. Kisha Kaveke akaing'oa ile kofia kwa kucha.

Kengele ililia papo hapo. Ililia kwa nguvu hivi kwamba nyimbo zilikatika uani. Kaveke alihangaika na kitufe akashindwa kuinyamazisha, mpaka Mutisya akaikimbiza nje na kuitoa betri.

Syokau hakulia. Alikuwa ameketi juu ya nailoni, mikono mapajani, anatazama ile kofia sakafuni.

"Nilidhani naitunza," alisema.

Kaveke alipiga magoti, akaiokota, akaiweka mfukoni.

"Na yeye Ciku amesema nini juu yangu?" Syokau aliuliza.

"Hajasema kitu. Nimemwonyesha kofia, amesema haijui. Naona alijua iko kule juu, na sijui amejuaje, maana chumba kile hakuingia. Hilo tu ndilo linanichanganya mpaka sasa."

"Nipeleke kwake."

*

Taarifa ya Syokau iliandikwa kituoni kabla jua halijatua. Aliisema yote kwa sauti moja, akaweka kidole gumba, kisha akasindikizwa mpaka mlango wa selo. Ciku alipomwona aliinuka haraka, akashusha macho kama alivyofanya kila siku mbele ya wakwe zake.

"Mwaitu."

"Ciku, ulijua kofia iko juu?"

Askari wa zamu aliacha kuchezea funguo.

"Wamejua ni mimi," Syokau alisema. "Nimewaambia mwenyewe. Sasa sema. Ulijua?"

Ciku alishika nondo za mlango. "Niliona kwa dirisha. Nilikuwa naanika nguo, pazia imefunguliwa. Niliona tu hiyo rangi kule juu. Baba alikuwa ameniambia ameitoa, nikajua ni Mwaitu ameirudisha. Nikampigia Mwau, nikamwambia aambie Baba aitoe. Akasema atamwambia akikuja Jumamosi."

Moto ulikuwa Jumanne. Kaveke alihesabu bila kupenda, kisha akatamani asingehesabu.

"Jumamosi!" Syokau alisema. "Na mimi niko hapo, tunapika jiko moja. Mbona hukuniambia mimi?"

"Mwaitu, ningeanzaje? Ningesema niliangalia ndani mpaka nikaona juu ya kitanda cha Baba? Mwezi nilioolewa mlinikuta nimesimama kwa hilo dirisha, mkaniambia mwanamke wa hii boma haangalii huko. Mkaniambia mara moja. Sikuangalia tena mpaka hiyo siku."

Syokau aliegemea ukuta. Kisha akamgeukia Kaveke akanyoosha mikono yote miwili, viganja juu, kama alivyowaona watu wakifanya wanapofungwa pingu.

"Mtoe huyu. Mniweke mimi."

"Hakuna shtaka, mwaitu," Kaveke alisema. "Hukujua. Ni ajali."

"Hakuna hata moja?"

"Hakuna."

Inspekta Kaveke amewaambia watu wengi kwamba hawana hatia, na wengi walimshukuru. Huyu alimtazama kana kwamba amenyimwa maji. Mikono ilibaki imenyooshwa, haina wa kuifunga, mpaka Mutisya akaishusha taratibu na kumketisha kwenye benchi.

Mlango ulifunguliwa. Ciku alipewa viatu vyake kaunta, akaviacha palepale, akaenda kwenye benchi pekupeku. Alisimama mbele ya mama mkwe wake muda kidogo. Hakuketi karibu naye, maana hakuwa ameambiwa aketi.

"Mwaitu," alisema, "tangu jana kuna mtu amewapa chakula?"

Syokau alitikisa kichwa kukataa, na hapo ndipo alipolia, kwa mara ya kwanza tangu afiwe.